Ratiba ya Pwani Inaanzia Kwenye Maji
Mhadhara kwa vijana wanaosomea kuongoza wageni, Unguja

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya fukwe na hifadhi za pwani za kisiwa hiki. Mwenyekiti amenipa na orodha: Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, Kizimkazi, Menai, Chumbe, Jozani. Nikizipitia zote moja baada ya nyingine nitakuwa nakusomeeni kipeperushi, na vipeperushi mnavyo tele. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu ambalo vipeperushi hulisahau, nalo ni maji. Kiongozi asiyejua leo maji yanajaa saa ngapi hajui anampeleka mgeni wapi, hata akiwa amezaliwa Makunduchi.

Hebu tuchukue mfano mnaoujua. Familia inatoka Dar es Salaam na boti ya Ijumaa jioni. Jumamosi wanapandishwa gari, saa 4 asubuhi wako Paje na nguo za kuogelea, watoto wamekwishavalishwa maboya mkononi. Wanashuka, wanatazama mbele, bahari haipo. Kuna mchanga, kuna vidimbwi, kuna majani ya bahari yamelala, na mbali kabisa, kilomita moja au zaidi, unaona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Baba anauliza, "Sasa bahari iko wapi?" Dereva anajibu, "Itarudi." Kweli itarudi, lakini saa 8 mchana, na ratiba inasema saa 7 waondoke kwenda Jozani. Watu hao watarudi kwao na kusema Paje hakuna bahari. Paje haina kosa. Aliyepanga siku yao hakutazama mwezi.

Kutazama mwezi si elimu ya siri. Maji hujaa mara mbili na kukupwa, yaani kutoka, mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na tofauti ya juu na chini kwetu hapa hufika karibu mita 4. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayajai sana, hayatoki sana.

Sasa shikeni hili, maana ndilo litakalokulisheni. Kwetu Unguja, siku za bamvua maji makavu, yaani yakiwa yametoka kabisa, huwa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, na kujaa ni mnamo saa 10 au 11 jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi ya saa 4 au 5 maji yamejaa, jioni yamekupwa. Kwa kuwa mwezi haubadili tabia, mtu mwenye kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu anayo karibu kila kitu. Tarehe 1 mpaka 3, na 15 mpaka 17, ni bamvua lenyewe. Tarehe 8 mpaka 10, na 22 mpaka 24, ni maji mafu. Jedwali la bandarini litakupa dakika kamili, na simuni siku hizi zipo programu za maji, zitumieni. Lakini mteja akikupigia simu ukiwa ndani ya daladala, kalenda ya kichwani inatosha kumjibu.

Ukishajua hivyo, kisiwa kinagawanyika chenyewe. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe kushuka mpaka Jambiani na Makunduchi, ina mwamba mbali na ufuo, na ndani ya mwamba kina ni kifupi. Huko maji yakitoka, yametoka. Pwani ya Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi kina kiko karibu, mtu anaogelea saa yoyote. Ndiyo sababu hoteli za huko zinajisifu. Ila na huko kuna mtego wake: bamvua likijaa, ufuo wa Nungwi hupungua mpaka mawimbi yanapiga kuta, na njia ya kutembea kwa miguu kutoka Nungwi kwenda Kendwa hupotea. Mgeni aliyeondoka kwa miguu saa 7 mchana kwenda kula Kendwa atarudi kwa teksi.

Msije mkafikiri maji makavu ni hasara. Mimi nikiwa na mgeni mmoja tu wa kumfurahisha, nitamchukua Jambiani asubuhi ya bamvua, maji yakiwa nje kabisa. Hapo ndipo pwani inafanya kazi. Kina mama wameshuka kwenye mashamba ya mwani: vigingi vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba imefungwa baina ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba yananing'inia mafungu ya mwani kwa vikamba vidogo. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, hapo hapo Paje na Jambiani, na sehemu kubwa ya wakulima ni wanawake. Mwani hukaa majini wiki sita hivi, huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa kilo. Wanalima aina mbili, spinosam na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi. Wenye uwezo wa kufuata kina kirefu wanaipata bado, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea.

Mkulima wa mwani ana saa chache tu za kazi, na hana siku zote za mwezi, kwa sababu maji mafu hayamwachii shamba wazi. Kwa hiyo ukimpeleka mgeni hapo, usimsimamishe mama ili apigwe picha. Salimia kwanza, uliza, na akisema hapana, mmepita. Msikanyage kamba. Akikubali kuzungumza na mgeni wako kwa nusu saa, mlipeni nusu saa hiyo, kwa sababu maji hayamsubiri amalize maelezo. Naona wengine mnatabasamu, mnajua ninachosema. Yapo makundi yanapita juu ya mwani wa watu kama wanapita uwanja wa mpira, na kiongozi yuko mbele.

Mkienda mbali zaidi, mpaka mwambani penyewe, ndipo mnapokuta wavuvi wa pweza, wanaume kwa wanawake, na watu wa kuokota chaza na kombe. Vipo vijiji vya kusini Unguja na vya Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanafungua siku moja watu wote washuke. Muulizeni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, au kamati ya wavuvi kabla ya kupeleka kundi. Kutembeza wageni juu ya mwamba uliofungwa ni ugomvi usio na sababu.

Nakuja kwenye hatari, na hapa naomba kalamu zishuke mezani mnisikilize. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa hupanda pole pole, mtu anaona bado ana muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye nguvu: katika saa hizo mbili peke yake hupanda kama nusu ya maji yote. Bamvua likiwa na mita 4, hizo ni mita 2 kwa saa mbili, yaani kupita kichwa cha mtu. Tena maji hayaji kutoka mbele tu. Huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yenu, baina yenu na ufuo, wakati pale mliposimama bado ni pakavu. Mgeni hawezi kujua hayo. Kanuni yangu ni kwamba kundi linageuka kurudi maji yanapokuwa makavu kabisa, si yanapoanza kujaa. Kwenda nendeni na maji yanayotoka.

Na viatu. Viatu vya mpira, si ndala. Mwamba una wale wanyama weusi wa miiba mirefu, una samaki wanaojifananisha na jiwe, na mchangani kuna samaki taa amejifukia. Penye mchanga, buruteni miguu badala ya kuinyanyua. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Mikoko nayo inafuata maji. Mnajua kwamba Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa moja tangu 2004, kilomita za mraba 50. Wageni wengi wanakwenda kwa ajili ya kima punju, yule kima mwekundu, ambaye hapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, na wakishampiga picha wanapanda gari. Kima punju nitampita haraka, ila mwambieni mgeni kwamba kima hao huokota makaa wakayala, kwa sababu majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana sumu ndani yake, na makaa huipunguza. Watu hawalisahau hilo. Kisha vukeni barabara mpaka daraja la mbao la Pete. Maji yakiwa yametoka utaona mizizi ya mkoko imejipinda kama miguu ya buibui, mizizi ya mchu, aina nyingine ya mkoko, imechomoza topeni kama vidole, na kaa wanaingia na kutoka mashimoni. Maji ya bamvua yakijaa, pale pale ulipoona tope unaona vidagaa na samaki wadogo wanapita baina ya mizizi. Ukimwonyesha mgeni vifaranga hao wa samaki, hutahitaji hotuba ya uhifadhi.

Upande wa kusini-magharibi kuna Menai, eneo la hifadhi tangu 1997, kilomita za mraba 470. Humo mna mafungu ya mchanga ambayo wageni wanayapenda kupita kiasi. Fungu huibuka maji yakitoka na huzama maji yakijaa, na ni hivyo hivyo kwa lile la Nakupenda mbele ya mji. Sasa mtu anauza safari ya chakula cha mchana fungu la mchanga, saa 7, kila siku ya mwaka. Mgeni atakulaje huko siku ambayo saa 7 maji yako kifuani? Nahodha mzuri atakwambia mapema siku ipi ni asubuhi na ipi ni jioni. Msikilizeni nahodha kuliko mwenye duka la safari.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi nitasema kidogo, na kwa ukali. Zamani pomboo hao walivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Utalii ulipoingia miaka ya tisini, pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo aliyekufa. Hilo ni jema. Lakini asubuhi zenye boti nyingi zinazokimbizana, huku watu wanarushwa majini mbele ya pomboo, si jambo la kujivunia. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba boti zikiwazonga, muda wao wa kupumzika hupungua. Pomboo asiyepumzika hali vizuri, na mwenye mtoto hanyonyeshi vizuri. Chombo kikae ubavuni, kwa mwendo wa pole, kisiwakate njia. Wakiondoka, waachwe. Mgeni asiyeona pomboo mpelekeni akauone msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wengi wanatoka pale na mazungumzo marefu zaidi kuliko waliotoka majini.

Juu ya maji kuna upepo. Kusi, tangu mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa, hupiga pwani ya mashariki. Wacheza kaiti wa Paje wanafurahi, mwogeleaji analalamika mchanga na majani ya bahari. Siku hizo upande wa magharibi umetulia. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, hubadilisha mambo, na kaskazini ya kisiwa huwa na mawimbi.

Maswali mawili yaliletwa kwa karatasi.

La kwanza: mwenyeji akizuiwa na mlinzi wa hoteli kupita ufuoni afanye nini? Limenikuta mimi mwenyewe, nikiwa na wageni watatu, mlinzi kijana ametumwa tu. Usigombane naye, hana mamlaka ya kukupa wala kukunyima. Piteni chini penye mchanga wa maji, ambako wavuvi wanapita tangu kabla ya hoteli, na baadaye mwambieni sheha. Njia za kushukia pwani zikizibwa moja moja bila mtu kusema, wanaoumia kwanza ni wenye ngalawa.

La pili: mgeni ana siku moja tu, afanyiwe nini? Uliza tarehe. Ikiwa ni tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, saa 4 asubuhi awe Jambiani kwenye mwani, ale mchana huko, saa 8 na nusu aingie kuoga maji yakirudi, na saa 10 awe darajani Pete, mikoko imejaa maji. Ikiwa ni tarehe 9, geuza: saa 3 asubuhi awe Paje anaoga, mpaka saa 7. Mchana Jozani kwa kima, na Pete atakuta tope na kaa. Kisiwa cha Chumbe msimwahidi kwa siku moja isiyopangwa. Nafasi za mchana pale ni chache, zinategemea wageni wanaolala kisiwani na maji ya siku hiyo, kwa hiyo pigeni simu kabla hamjachukua pesa ya mtu.