Baiti, Asilimia na Tangi la Ami
(Mazungumzo ya jioni, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaikum. Nashukuru mmekuja, maana mvua imetutisha tokea alasiri. Nimeombwa nizungumzie maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja. Nitazungumzia hesabu moja tu, ya kugeuza baiti, yaani namba ya 0 hadi 255, kuwa asilimia, kwa sababu imeniaibisha mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa ami yangu. Ana tangi la lita 2,000 juu ya nyumba, na maji ya mfereji kwao huja usiku. Ilikuwa lazima mtu apande ngazi na kurunzi akachungulie. Nikamfungia boya lenye mkono unaozungusha potenshiometa (kitasa kinachobadilisha volti kikizungushwa), bodi moja ya maikrokontrola iitwayo Arduino Uno, na kioo kidogo ukumbini. Uno ikipima volti hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023. Namba hiyo ina biti kumi, yaani tarakimu kumi za 0 na 1; nikakata biti mbili za chini nikabaki na nane, ndiyo baiti moja. 0 tangi tupu, 255 limejaa. Baiti nikaiita x, nikaandika x / 255 * 100, nikanywa chai, nikaaga.

Asubuhi simu: "Mwanangu, kioo chako kinasema sifuri na mimi hapa natoka kuoga." Nikamwambia asubiri maji yaje. Usiku yakaja. Kioo sifuri, sifuri, sifuri. Tangi likafurika, maji yakamwagikia uani kwa jirani, ndipo kioo kikaruka: 100.

Sikilizeni kilichotokea. Ukigawa namba nzima kwa namba nzima, C, lugha ya kuandikia programu, haikupi vipande. Hupima kama muuza mchele wa zamani aliyepima kwa kibaba: kikijaa anahesabu kimoja, kisipojaa anakirudisha guniani kama hakikuwapo. 200 kwa 255 hakijai hata kimoja, kwa hivyo jibu ni sifuri, na sifuri uizidishe mara 100 au mara elfu ni ile ile. 255 peke yake ndiyo iliyojaza. Dawa ni kuzidisha kwanza, kugawa mwisho: x * 100 / 255. Hapo 200 inakuwa 20,000, ukigawa unapata 78. Kama mnataka kipande kinachofika nusu kihesabiwe kizima, ongezeni 127, karibu nusu ya 255, kabla ya kugawa.

Najua kuna anayesema moyoni, si utumie namba za desimali tukalale? Unaweza. Lakini ATmega328P iliyomo ndani ya Uno ni chipu ya biti 8 yenye RAM ya kilobaiti 2. Haina sehemu ya kuhesabu desimali. Kila hesabu ya aina hiyo hufanywa na programu, hatua kwa hatua, na inakula nafasi. Halafu ukitaka kuiandika kwa printf, amri ya C ya kutoa maandishi, bila kugusa mipangilio ya kompaila, ile programu inayotafsiri C kuwa lugha ya chipu, badala ya namba unaletewa alama ya kuulizia. Mpelekee ami yako alama ya kuulizia uone.

Aibu ya pili aliitaka ami mwenyewe. Alipozoea kioo akasema anataka na nukta, "kama kwenye mizani ya karafuu." Mimi nikazidisha kwa 1000 badala ya 100, nigawe, niweke nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Tangi lilikuwa karibu tupu: 3.1, 9.8, 12.5. Baiti ilipofika 33, kioo kikaandika −12.7. Maji hasi! Kwenye Uno, int, yaani namba nzima ya kawaida ya C, ni biti 16, na ukomo wake ni 32,767. Mara 100, baiti kubwa kabisa inatoa 25,500, inaingia bila shida. Mara 1000, ya 32 bado inaingia, ya 33 inatoa 33,000 na chombo kinapinduka upande wa hasi. Ungeandika 1000L hesabu ikafanywa kwa biti 32, ingekwisha. Sikumfanyia. Hatua moja ya baiti ni karibu 0.4 ya asilimia, na boya lenyewe linacheza maji yanapoingia. Nukta ile ingekuwa mapambo tu. Mjiangalie pia msihifadhi 25,500 kwenye baiti njiani, kwa sababu kitakachobaki ni 156.

Dada pale mbele ameuliza: baiti ina thamani 256, mbona nagawa kwa 255? Nyoosha mkono, dada. Vidole vitano, nafasi baina yake ngapi? Nne. Kutoka 0 hadi 255 kuna vituo 256 lakini hatua ni 255, na asilimia inahesabu hatua. Ukigawa kwa 256, tangi lililojaa litasema 99 mpaka kiama. Wanaoipenda 256 wana sababu: chipu hii haina amri ya kugawa, na kugawa kwa 256 ni kusogeza biti nane tu. Wao huzidisha kwa 101 kisha wanasogeza, na 255 inatoa 100 kama inavyotakiwa. Ni ujanja mzuri. Lakini kioo cha tangi kinabadilika mara moja kwa sekunde, sijui mnaharakia wapi. Fundi wa gereji akichomeka kifaa cha OBD-II, mfumo wa kukagua hali ya gari, kusoma kiasi cha mafuta, gari humpa baiti moja, na kanuni iliyoandikwa kwenye kiwango rasmi cha mfumo huo ni mara 100 kwa 255.

Ya tatu ilikuwa kwangu nyumbani, na ndiyo iliyonichukua siku nyingi kuigundua. Niliweka taa ya baraza yenye mwanga wa kupunguzwa. Mama alichagua 50. Programu iligeuza asilimia kuwa baiti, p * 255 / 100, ikahifadhi. Kila jioni ikawa inasoma baiti, inaigeuza kuwa asilimia ya kuonyesha kwenye kioo, kisha inaigeuza tena kuwa baiti na kuihifadhi upya. Mama akaanza kusema macho yake yanaharibika. Mimi nikampeleka kupimwa miwani! 50 inatoa 127.5, kibaba kinabakisha 127. 127 ikirudi ni 49.8, inabaki 49. Kesho yake 48, kesho kutwa 47. Kila jioni moja inapungua. Siku ya kumi ikafika 40 ikasimama hapo, kwa sababu 40 ni 102 kamili, hakuna cha kumwaga. Kabla ya kugawa nikaongeza 50, nusu ya 100, upande wa kwenda na 127 upande wa kurudi, nikarudisha taa kwenye 50. Mama akaivua miwani akaniuliza nani amebadilisha globu.