Kabati la ukutani: pima kitanda kwanza, mlango baadaye

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nipo Shangani, Mtwara mjini, kwa dada mmoja aliyeniuliza swali ambalo mafundi tunaulizwa kila siku: "Fundi, kabati la ukutani limeshajengwa, niweke milango gani?" Mwashi kamaliza, shelfu za zege zipo, mbele kuko wazi. Pazia ndilo linalostiri nguo kwa sasa.

Toa futi yako. Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Sogeza kamera hapa uone: juu sentimita 180, katikati 179, chini 178 na nusu. Plasta ndivyo ilivyo, kwa hiyo shika kipimo kidogo kuliko vyote. Halafu pima kona kwa kona, mara mbili, kwa mshazari. Vipimo visipolingana, uwazi umekaa upande. Fremu ndiyo itanyoosha. Mlango ukija kugoma, seremala analaumiwa kwa kosa la mwashi. Nimelaumiwa sana mimi.

Sasa geuka nyuma, pima kutoka kitandani hadi kabatini. Hapa kuna sentimita 62. Dada alitaka milango mitatu mipana. Ukifungua mmoja wenye karibu sentimita 60, wewe utasimama wapi, juu ya godoro?

Wengi hapo wanakimbilia slaidi, milango ya kusukuma pembeni kwenye reli. Slaidi haihitaji nafasi mbele, ni kweli. Lakini milango miwili inapishana, kwa hiyo unaona nusu ya kabati kwa wakati mmoja, na reli zake zinakula kina, kama sentimita 8 hadi 10. Kabati hili lina kina cha 60, hanga ina kama 45. Nguo zitaenea, ila kwa kubanana. Na huku pwani mchanga unaingia ndani na viatu, unajaa kwenye reli ya chini, mlango unaanza kukwaruza. Kama chumba chako ni kifinyu kabisa na huna namna, chagua slaidi inayoning'inia kwenye reli ya juu.

Hapa nafanya milango minne miembamba ya bawaba. Hesabu yake: 178.5, toa fremu sentimita 5 kila upande, inabaki 168.5. Toa nafasi tano za milimita 3, kati ya milango na pembeni. Gawa kwa nne. Kila mlango sentimita 41.75. Huna kipimo cha milimita 3? Bananisha kadi nne za benki, ndiyo hiyo.

Haya, mbao. Hiki ni kipande cha MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, nilikitumbukiza kwenye ndoo jana jioni. Ona ukingo ulivyovimba, ukiubonyeza kwa kucha unabonyea. Sisemi MDF ni mbaya. Nasema ikifika huku bila kuzibwa kingo zote, mvua za Novemba hadi Aprili zitaikuta. Mninga na mkongo vinavumilia zaidi, ila viwe vimekauka. Dada anangoja hela ya korosho amalizie. Sawa, lakini mbao ninunue mapema zilale humu chumbani wiki mbili tatu zizoee hewa kabla sijazikata. Na vanishi ipake pande zote sita. Pitisha kidole juu ya mlango na chini yake: mafundi wengi wanaparuka hapo, na hapo ndipo unyevu unapoingilia.

Hili sasa ndilo kubwa kwa Mtwara na Lindi: kabati lipumue. Koti la harusi likifungiwa miezi bila hewa linaota ukungu mabegani, viatu vya ngozi vinageuka vya kijani. Ndiyo maana napendekeza luva, vile vipande vya mbao vilivyolazwa kwa mshazari. Vinashika vumbi, sibishi. Basi weka luva juu na chini tu, katikati ubao mzima, kazi ya kufuta inapungua. Nakshi kama za milango ya Mikindani? Nazipenda mno, ila ziache mlango wa mbele. Mlango wa kabati utakuwa mzito, nawe utafuta vumbi mpaka uchoke.

Mwisho bawaba. Hii nilifunga kwangu mwenyewe, ilikuwa inang'aa kama dhahabu. Igeuze: kutu, na skrubu imekatika kichwa. Chumvi ya bahari hiyo. Nunua stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, na skrubu zake ziwe stenlesi pia, maana wengi wanabana hela kwenye skrubu. Mlango wa mita 2 na kitu ufungie bawaba nne.

Dada kachagua mninga, luva juu na chini. Tepu imewekwa alama, nakwenda kuchagua mbao.