Kubaki kwa Mshahara Pungufu: Mhadhara kwa Wapenda Soka wa Tanga

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliotoka mazoezini mkaja moja kwa moja kuketi hapa. Nawaona Wagosi wa Kaya wa Coastal Union na Wana Kimanumanu wa African Sports mmechanganyika, na hilo limenifurahisha sana.

Nimeombwa nieleze kwa nini mchezaji anayeishi kwa mpira anakubali kupunguziwa mshahara ili abaki klabuni kwake. Vijiweni Ngamiani majibu huwa mawili: ama anaipenda klabu, ama kaisha na hakuna anayemtaka. Mimi naona mara nyingi mchezaji huyo ananunua uhakika, na pesa anayoiacha ndiyo bei. Kwa hiyo tuulize kwanza ananunua nini, halafu tuulize kama kweli atapewa.

Chukueni Gerard Piqué, beki wa Barcelona ya Hispania. Mwaka 2021 Barcelona ilikuwa imeelemewa na madeni, na Ligi ya Hispania huiwekea kila klabu kikomo cha gharama za kikosi. Memphis Depay na Eric García walikwishasajiliwa, lakini majina yao hayakuweza kuingizwa ligini kwa sababu mishahara ilikuwa imepita kikomo. Piqué akakubali wake ukatwe kwa kiasi kikubwa, wenzake wakaandikishwa. Tarehe 15 Agosti wakacheza na Real Sociedad. Depay akapiga mpira wa adhabu, Piqué akauruka kwa kichwa, bao la kwanza la Barcelona msimu ule. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini huyu alikuwa beki wa miaka 34, mzaliwa wa mji ule, na bila wale wapya miaka yake ya mwisho uwanjani angeicheza katika timu dhaifu. Alijinunulia wenzake.

Siku chache kabla ya mechi hiyo Lionel Messi aliaga klabu hiyohiyo huku analia. Alisema alikuwa amekubali kukatwa nusu ya mshahara. Hata nusu haikusaidia, kwa sababu hesabu za klabu zilikwishaharibika. Vijana, lishikeni hili: utayari wako haukulindi kama mwajiri wako hana uwezo wa kukubakiza.

Sergio Ramos naye. Baada ya misimu 16 Real Madrid ilimpa mwaka mmoja zaidi kwa mshahara pungufu. Kwa maelezo yake mwenyewe, pesa haikuwa tatizo, alichotaka ni miaka miwili. Alipoamua kuukubali huo mmoja, akaambiwa muda wa ofa umepita.

Miaka! Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Tuseme klabu moja inakupa milioni 2 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja. Klabu yako inasema haina, inakupa milioni 1 na laki 4, lakini kwa miaka mitatu. Mtaani watakwambia umepunjwa. Kule ni milioni 24, halafu Mungu anajua. Huku ni milioni 50 na laki 4, na ukiumia goti mwezi wa tano mkataba bado unaishi. Mchezaji hana miaka 30 ya kazi kama mwalimu au karani, na goti moja linaweza kufuta yote.

Halafu kuna namba, yaani nafasi ya kucheza kikosini. Kijana anayecheza kila wiki pale uwanja wa Mkwakwani akifuata mshahara mara mbili akaishia kusugua benchi, msimu mmoja unatosha wakala na kocha wa taifa kumsahau. Mbwana Samatta alifika TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akatulia hapo akicheza, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Sijui njia nyingine iliyomfikisha Mtanzania mbali kiasi hicho.

Sasa naomba nizungumze na viongozi wa klabu, na niseme bila kuficha, kwa sababu linaniuma. Nimeona vijana wakiitwa pembeni: “Mdogo wangu, tusaidie, chukua nusu, mambo yakikaa sawa tutakumalizia.” Hakuna karatasi, hakuna tarehe. Kijana anaondoka akiamini amekopesha, klabu inaandika kwamba amesamehe.

Msidhani ni shida ya klabu ndogo tu. Machi 2020, corona ilipofunga viwanja, Juventus ya Italia ilitangaza kwamba wachezaji wake wameachia mishahara ya miezi minne. Baadaye ikabainika kulikuwa na makubaliano ya pembeni ya kulipa sehemu kubwa ya pesa hizo. Cristiano Ronaldo, aliyekuwa mmoja wa wachezaji hao, akadai yuro milioni 19.5. Mwaka 2024 wasuluhishi wakampa milioni 9.7. Yule ana mawakili wa kila aina, na bado alipata nusu. Kijana wa Makorora atapata nini kwa neno la mdomo?

Kwa hiyo ukiamua kubaki kwa pungufu, karatasi iseme kama pesa imefutwa au imeahirishwa. Kama imeahirishwa, iseme italipwa tarehe gani. Kisha omba kitu badala yake: miaka zaidi, au kiasi kinachotajwa ambacho klabu nyingine ikikitoa unaachiwa uende. Kanuni za FIFA zinampa haki mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15 ilipe. Barua hiyo iwe na nakala, na nakala ikae kwa mama nyumbani, isikae ofisini kwa katibu.

Wazazi waliokuja na mikataba ya watoto wao, sogeeni mbele hapa tuisome pamoja, kipengele kwa kipengele.