Bana ya gesi kwa mhunzi wa nyumbani: hangaika na hewa

Wazee shikamooni, vijana mambo vipi. Nimefurahi tunaongelea uhunzi hapa Tabora, maana huku Unyamwezi majembe ya wahunzi wetu yaliuzwa mbali mpaka watu wakalipia mahari, na kwenye tanuri lazima awepo mtu kazi yake mivukuto tu, hewa.

Na kwenye bana, yaani kichomeo cha gesi kinachopasha tanuri, ni hivyohivyo. Gesi ya mtungi ni propeni na buteni: lita 1 ya propeni inataka lita kama 24 za hewa ndo iungue yote, buteni inataka kama 31, na hewa yote hiyo hatuipulizi, inavutwa na gesi yenyewe ikifyatuka kwenye kitundu kidogo. Ikitoka kinyonge haivuti kitu. Ndo maana regulata ya jikoni haifai, ile inatoa kama milibaa 30 tu, tafuta ya presha kubwa inayofika baa 1 au zaidi, na mpira uwe wa gesi wa presha hiyo, sio mpira wa maji jamani.

Chukua bomba jeusi la chuma la inchi robo tatu, urefu inchi 8 hivi. La GI, lile lililopakwa zinki, hapana, zinki ikipata moto ule moshi ni sumu. Nyuma funga redusa, kiungo chenye upande mpana na upande mwembamba, upande mpana ndo mdomo wa hewa, halafu katikati yake tipu ya mashine ya kuchomelea ya migi, ya milimita 0.6 au 0.8, hiyo ndo kile kitundu cha gesi. Hapa msiwe na haraka, tipu ikipinda kidogo tu gesi inapiga ukuta wa bomba na moto unayumba, kwa hiyo chungulia, nyoosha, chungulia tena. Viungo vyote paka povu la sabuni, ukiona mapovu yanaumuka panavuja.

Kurekebisha ufanyie ndani ya tanuri likishapata moto, ukirekebishia nje utadanganyika, ndani moto unakuwa mwingine kabisa. Ukiona ndimi ndefu za njano zinatoka mlangoni hewa ni kidogo, sogeza tipu nyuma au fungua mdomo. Ukiwa wa bluu mkali unavuma na chuma kinaota magamba haraka, hewa imezidi, ziba kidogo. Mimi napenda gesi izidi kidogo sana, kaulimi kafupi mlangoni, chuma kinabaki kisafi. Ikianza kupiga puf puf ndani ya bomba moto umerudi nyuma, funga gesi, ngoja bomba lipoe, ukiwasha tena ongeza presha.

Kuwasha, karatasi inayowaka iingie kwanza ndo ufungue gesi. Na fanyieni kazi nje au milango wazi, gesi hii nzito inatuama chini, halafu tanuri linatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu na inaua.

Kuna kijana ameuliza kwanini mtungi unaganda barafu na moto unafifia. Ule wa kilo 6 ni mdogo kwa kazi hii, gesi ikigeuka mvuke inanyonya joto la mtungi na presha inashuka. Tumia wa 15, wa 38 ukiweza, na usiusogeze karibu na tanuri eti upate joto.