Bomba la zamani liacheni ukutani: kubadili mabomba ya maji kwenye nyumba ya Mikindani

Karibuni tena watazamaji. Leo tupo Mikindani, nje kidogo ya Mtwara mjini, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Bibi mwenye nyumba anasema asubuhi maji yanatoka mekundu, na jikoni yanadondoka tone tone.

Sogeza kamera hapa. Hiki kipande nimekikata jana. Ni bomba la chuma la inchi nusu, na nje linaonekana zima kabisa. Sasa tazameni ndani. Kutu imejaa pande zote, tundu lililobaki hata penseli haipiti. Haya mabomba hupakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki ikishaisha, chuma kinaliwa, na huku kwetu upepo wa bahari wenye chumvi haukisaidii. Ukiziba hapa, mwezi ujao litavuja mita moja mbele. Kwa hiyo leo hatuzibi. Tunaweka njia mpya yote kwa bomba la PPR, hili la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa moto.

Kabla hujashika msumeno, kagua umeme. Nalisema hili kwanza kwa sababu mafundi wengi hulisahau. Zamani waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, ulikuwa unafungwa kwenye bomba la maji. Ukilikata bomba hilo ukaweka plastiki, nyumba imebaki bila ethi, na siku friji ikipata hitilafu mtu anapigwa shoti. Hapa tumeukuta, huu wa kijani, nyuma ya pipa. Fundi umeme amekuja akauhamishia kwenye chuma chake cha ethi kilichochimbiwa ardhini. Tukaendelea.

Haya. Funga koki ya baada ya mita. Mita yenyewe na bomba linaloingia kwenye mita usiguse, hayo ni ya mamlaka ya maji. Fungua koki ya chini kuliko zote, acha maji yaishe.

Sasa njia ya bomba. Vijana wengi hapa wanachukua patasi na kuanza kuchimba ukuta. Ukuta wa matumbawe usiuchimbe mfereji wa kulala, mawe yake yameshikwa na chokaa tu na yatakuporomokea. Halafu mtu akimaliza anaziba kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea na plasta inabanduka. Sisi tunapitisha bomba juu ya ukuta, kwa klipu, kwenye kona ambapo halisumbui macho. Tundu la kupenya ukuta ni moja tu, la kuingia jikoni, nalo tutaliziba kwa chokaa na mchanga. Bomba bovu linabaki humo humo ndani, tunalikata na kuziba ncha zake.

Vipimo: njia kuu nimetumia milimita 25, matawi ya kwenda kwenye koki milimita 20. Kama maji yako yanatoka kwenye simtanki, usibane njia kuu. Tanki likiwa juu mita tatu, nguvu yake ni kama baa 0.3 tu, haina ubavu wa kusukuma kwenye bomba jembamba.

Kuchoma ndiko kwenye kazi. Mashine ya kuchomea ifike nyuzi joto 260, ngoja taa ikuambie. Kata bomba liwe sawa, futa vumbi na maji. Weka alama ya kina kwa penseli, milimita 14 kwa bomba la 20. Sukuma bomba upande huu wa mashine na elbo, kile kiungo cha kona, upande ule, kwa pamoja, bila kuzungusha. Bomba la 20 hesabu sekunde tano, la 25 saba. Toa, unganisha moja kwa moja mpaka kwenye alama, shika, tulia. Usizungushe! Acha dakika mbili au tatu ndipo uliguse tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu kazi ya mtu hapo. Niliona sekunde tano ni chache, nikaacha kumi na tano, plastiki ikavimba kwa ndani ikaziba. Nje kiungo kilipendeza kama pete ya harusi, ndani maji hayapiti. Nilivunja nikarudia kwa pesa yangu.

Panapokutana na koki tumia soketi, yaani kiungo, yenye nyuzi za shaba za kukazia. Zungusha tepu nyeupe kufuata upande wa kukaza, kaza kwa spana, lakini usikamie.

Kupima: fungua koki kuu taratibu, ondoa hewa, kisha funga koki zote za ndani na ukaitazame mita. Ikizunguka, panavuja. Tuliiacha hivi tangu saa nne mpaka baada ya chakula cha mchana, haikusogea. Sehemu ya nje inayopigwa na jua ipakeni rangi au ifunikeni, maana jua huikausha PPR ikaanza kupasuka.

Bibi, fungua sasa.

Inakohoa hewa kwanza... haya, yamekuja. Mwageni ndoo kadhaa za mwanzo kabla ya kunywa. Bibi ameitazama ndoo, akanitazama mimi: "Na bafu la uani je, mjukuu wangu?"

Mashine bado ina moto. Twende.