Megapikseli Hazitakuokoa: Picha Nyingi Huharibikia Kwenye Programu

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliofunga vibanda mapema. Wengi wenu mnauza nguo, viatu, keki na simu mitandaoni, kwa hivyo historia ya kamera tutaiacha. Naanza pale ninapoanza siku zote, na walionisikia kabla wanivumilie: acheni kupiga picha za bidhaa mkiwa ndani ya WhatsApp. Fungua kamera iliyokuja na simu yako, piga, picha ihifadhiwe, kisha ndipo uingie WhatsApp uitume kutoka kwenye matunzio.

Kila mara kuna mtu wa kuniambia, "Mwalimu, si lenzi ni ileile?" Naam, lenzi ni ileile na kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kilekile. Kinachobadilika ni kazi inayofanywa baada ya mwanga kuingia, na kwenye simu kazi hiyo ndiyo picha yenyewe. Kihisi cha simu nyingi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hukusanya mwanga mdogo, na mwanga ukiwa mdogo picha hujaa chembechembe. Ndiyo maana ukibonyeza mara moja, programu ya kamera hukusanya fremu kadhaa, yaani picha mojamoja zinazofuatana, nyingine zikiwa zimeshanaswa kabla hujabonyeza. Huzipanga zilingane, huacha zilizotikisika, kisha huziunganisha kuwa picha moja. Google walileta utaratibu wao, HDR+, kwenye Nexus 5 mwaka 2013, na leo karibu kila mtengenezaji ana wake. Hesabu yake ni nyepesi: chembechembe hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Ukiunganisha fremu 4, zinabaki nusu. Ukiunganisha 9, inabaki theluthi. Fremu hizo hupigwa zikiwa na giza kidogo kwa makusudi, ili mawingu na shati jeupe visiungue, halafu sehemu za kivuli huinuliwa baadaye bila kuchafuka.

Sasa njoo kwenye programu ya nje, iwe ya kutuma ujumbe au ya mtandao wa kijamii. Hii hairithi kazi hiyo yote. Inaomba kamera kupitia mlango ambao Android huzipa programu zote. Mlango huo unaitwa Camera2, ulikuja na Android 5.0 mwaka 2014, na kila mtengenezaji huamua ataufungua kiasi gani. Kwenye simu nyingi za bei ya chini na ya kati, kinachopitishwa hapo ni fremu moja iliyosafishwa harakaharaka. Kuna programu ambazo hazisubiri hata hiyo: hunasa kile kinachoonekana kwenye kioo wakati unalenga, ambacho ni kidogo sana kuliko picha kamili. Halafu mtu anakuja kulalamika kwamba simu yake ya elfu thelathini haina kamera! Kamera anayo. Haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Najua kuna aliye na simu ya bei ghali anayesema kwake hakuna tofauti. Inawezekana, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wamekubaliana na wenye programu wapitishe kazi yote. Usibishane nami, jipime. Weka kitenge mezani jioni taa zikiwa zimewashwa, kipige kwa kamera ya simu, kisha kwa programu ya nje, bila kusogea. Fungua zote mbili, vuta karibu mpaka uone nyuzi. Kama nyuzi zinaonekana sawasawa, endelea unavyofanya. Kama moja imekuwa kama rangi iliyopakwa kwa kidole, umepata jibu.

Na kutuma nako kuna hasara yake. WhatsApp hupunguza picha kabla ya kuituma. Tangu 2023 kuna alama ya HD juu ya kioo unapoandaa picha, iguse. Mteja akitaka kuchapisha bango, itume kama hati: bonyeza alama ya kiambatisho, chagua hati, tafuta faili ya picha. Hapo inafika jinsi ilivyo. Lakini sikilizeni vizuri, hasa kina mama mnaofanyia kazi nyumbani: ikifika jinsi ilivyo, inafika pia na mahali ilipopigiwa, kama kamera yako ilikuwa inaweka alama ya mahali. Ingia mipangilio ya kamera, tafuta alama za mahali, zima. Usimpe mtu usiyemjua ramani ya mlango wako.

Tuje kwenye megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, maana ukipita maduka ya simu ya Luthuli Avenue, Nairobi, ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa. Simu ya megapikseli 108 kwa kawaida hukupa picha ya 12, kwa sababu pikseli 9 huunganishwa zikafanya kazi kama moja kubwa. Ya 50 huunganisha 4, ikakupa 12.5. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo inavyopaswa kuwa, pikseli kubwa hupokea mwanga zaidi. Anayeenda kuwasha modi ya megapikseli 50 ndani ya duka lenye balbu moja anatenganisha kilichounganishwa kwa sababu nzuri, na mara nyingi anaikosa ile kazi ya fremu nyingi. Iwashe nje, jua likiwaka, kitu kikiwa kimetulia. Uwiano wa pande za picha nao uwe 4:3. Ukichagua 16:9 ili picha ijae kioo, simu inakata juu na chini: kutoka pikseli 4080 kwa 3060 unabaki na 4080 kwa 2296. Umetupa robo ya picha.

Kuna tatizo la hapa kwetu ambalo watu hudhani ni ubovu wa simu: mistari ya giza inayokatiza picha au video dukani. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hivyo taa za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Simu ikifungua kwa muda mfupi mno, tuseme 1/1000 ya sekunde, sehemu moja ya picha inanasa taa ikiwaka na nyingine inanasa ikififia. Ingia modi ya Pro, ile ya kupanga kamera kwa mkono, weka kasi 1/100 au 1/50, mistari inatoweka. Simu isiyo na modi ya Pro, tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa kuzuia kumetameta. Kama imewekwa hezi 60, hiyo ni ya Marekani, rudisha 50. Programu ya bure iitwayo Open Camera inayo mipangilio hiyo pia, na ndani yake unaweza kuchagua Camera2 ili upate kasi na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) za mkono, simu yako ikiruhusu.

Rangi. Hapa ndipo wauza viatu wa Gikomba wanapoumia. Uko chini ya turubai la bluu, unapiga kiatu chekundu. Mwanga unaofika kwenye kiatu umeshachujwa na turubai, una bluu nyingi na nyekundu chache. Kiatu hakina nyekundu ya kurudisha, kwa hivyo kinatoka kama damu ya mzee au kahawia. Simu hujaribu kurekebisha yenyewe, lakini kiatu kikijaza picha nzima haina cheupe cha kujipimia. Unaposti, mteja wa Rongai analipa, kiatu kinafika kikiwa chekundu cha kung'aa, anakirudisha na nauli ya boda ni yako. Mipangilio ya mizani ya nyeupe (white balance) kwenye modi ya Pro itakusaidia kwenye balbu ya manjano: teremsha hadi kama 3000. Nje mchana ni kama 5500. Lakini chini ya turubai hakuna namba itakayorudisha rangi ambayo haikufika kwenye kiatu. Toka nje, simama kwenye kivuli cha ukuta mweupe au wa kijivu, piga hapo. Na saa sita mchana sisi wa ikweta jua liko utosini, kwa hivyo hicho kivuli ndicho rafiki yako. Ukimpiga mtu juani, macho yake yatakuwa mashimo meusi.

Mwangaza niuseme haraka ingawa ulistahili saa nzima. Simu hukisia kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Kiatu cheusi juu ya shuka jeupe: simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, mshono wa kiatu unapotea. Gusa kiatu, shikilia mpaka mwangaza ujifunge, kisha kama mshono bado hauonekani pandisha alama ya jua kidogo, hadi kama +0.7. Suti nyeusi iliyojaza picha nzima ni kinyume chake: itatoka ya kijivu, shusha hadi kama -0.7. Uso wa mtu mweusi mbele ya anga nyeupe ya Nairobi: gusa uso, anga ikiungua iache iungue. Tulichokuja kupiga ni mtu. Na modi ya urembo izimeni, kamera ya mbele na ya nyuma, kisha mrudi kukagua baada ya kusasisha simu. Inalainisha ngozi mpaka vinyweleo vinatoweka, na kwenye simu nyingi inang'arisha rangi ya mtu bila kumuuliza. Msusi anayeonyesha nywele na mpakaji wa vipodozi hawana biashara nayo kabisa.

Muda umeniishia, kwa hivyo zumu na usiku nazipitia tu. Kuvuta kwa vidole bila lenzi ya mbali ni kukata picha, basi sogea kwa miguu. Modi ya usiku inataka sekunde kadhaa za kutulia, egemeza simu kwenye chupa au ukuta. Ukilenga matatu inayokwenda utapata mkia wa taa. Lenzi ya pili ya megapikseli 2, msihangaike nayo.

Na wale mnaotaka kuuliza kuhusu ile kamera ya Google iliyobadilishwa, inayozungushwa kwenye makundi: kwanza kagua kiwango cha Camera2 cha simu yako kwa programu ya kukipima. Ikionyesha LEGACY au LIMITED, usijisumbue, mara nyingi itazima yenyewe au itoe picha ya kijani. Ikionyesha FULL au LEVEL_3, inaweza kukupa picha bora kuliko ya mtengenezaji, hasa gizani. Ila faili hizo huandaliwa na watu wa nje, haziko Play Store. Ikifunguka ikaomba kusoma jumbe zako, iondoe papo hapo. Kamera haina haja na jumbe za M-Pesa.

Aliye na simu mkononi aje hapa mbele tufungue mipangilio pamoja. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa cha pamba, mafuta ya kidole yanatandaza ukungu kwenye kila taa.