Yule Bibi Aliyeomba Kukaa Nyuma ya Darasa

Asante, mwenyekiti. Shikamooni walio wakubwa kwangu, ingawa nikitupa macho humu ndani naona mmebaki wawili, na mmoja ameshaanza kusinzia. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi.

Nilipokuwa naingia nimemsikia mtu pale mlangoni akimnong'oneza mwenzake, "Leo tena Chicago." Ndiyo, mwanangu, leo tena Chicago. Mtapumzika na Chicago siku mtakapoacha kukagua daftari bila kumtazama mwenye daftari.

Niwaweke njiani wale wageni. Marekani shule za umma haziendeshwi na wizara moja inayotoa waraka ukashuka mpaka kijijini. Kila wilaya ya elimu ina bodi yake, na bodi humwajiri mtu mmoja awe msimamizi mkuu wa shule zote za pale. Mchukue afisa elimu unayemjua, mwongezee mitaala, mwongezee ajira za walimu, mwongezee bajeti, halafu mkalishe mbele ya bodi inayoweza kumtoa kwa kura ya jioni moja. Bodi ya Chicago ilikuwa na wajumbe 21, wote wa kuteuliwa na meya. Watu 21! Mimi nimeshindwa na kamati ya shule yenye watu tisa.

Mwaka 1909 bodi hiyo ilimpa kazi mwanamke wa miaka 64, mjane, jina lake Ella Flagg Young. Hapakuwa na mwanamke kabla yake aliyewahi kuongoza shule za jiji kubwa namna ile nchini Marekani. Watoto zaidi ya 200,000, mshahara dola 10,000 kwa mwaka. Sasa mkiniuliza alifanya nini, wengi mnangoja nianze hapo kwenye kiti. Sianzi hapo. Kiti kila mtu anaweza kukalia.

Naanza na mama yake.

Ella alizaliwa Januari 1845, mjini Buffalo, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uskoti, baba fundi wa mabati. Mtoto alikuwa dhaifu wa afya, hakupelekwa shule mpaka alipokaribia miaka kumi. Kusoma alijifundisha mwenyewe: siku moja mama alisoma gazetini, kwa sauti, habari ya shule iliyoungua moto watoto wakiwa ndani. Mtoto akaondoka na lile gazeti, akakaa nalo, akawa anakumbuka maneno ya mama na kuyafuata kwa jicho, neno kwa neno, mpaka karatasi ikaanza kusema. Ndugu zangu wa darasa la kwanza, ninyi mnaobishana kila mwaka kama tuanze na silabi au na neno zima, huyo alianza na ajali ya moto.

Familia ikahamia Chicago mwaka 1858. Binti akapata nafasi ya kusomea ualimu, na hapa ndipo mama alipomweka chini. Akamwambia, kwa maneno mengine, kazi hii si yako. Hujakaa na watoto wadogo, huwajui, na tabia yako hii utawaumiza.

Tulieni kidogo hapo. Mama mzazi ndiye anayesema. Wangapi humu ndani tuliambiwa hivyo? Sisi tuliambiwa kinyume: matokeo yako hayatoshi udaktari, hayatoshi uhasibu, basi nenda ualimu. Mama wa Ella alitazama watoto wa watu ambao hata hajawaona, akawaonea huruma kabla binti yake hajawafikia.

Na binti hakununa. Alimtafuta mwalimu mmoja, akamwomba aje akae darasani kwake, atazame. Alikuwa akienda kila wiki, anakaa, anatazama watoto, baadaye akaruhusiwa kujaribu kidogo kidogo. Alikuwa anajipima. Alitaka kujua kama mama amesema kweli! Alipojiridhisha kwamba ataweza, ndipo akaendelea. Mwaka 1862, akiwa na miaka 17, akapewa darasa. Na darasa lenyewe lilikuwa la vijana wachunga ng'ombe wa pembezoni mwa mji, wengine wakimzidi umri.

Mtaniambia, "Bibi, hiyo ni hadithi nzuri ya utotoni, tupe mafanikio." Hayo ndiyo mafanikio, yaliyobaki ni vyeo. Mtu aliyeanza kwa kuomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa na kutazama, akaja kuwa mkubwa, hawezi kuingia darasani kama askari wa trafiki.

Ngoja niwape kisa changu, wanaokijua wanisamehe. Miaka mingi iliyopita, shule moja ambayo siitaji, nilikuwa nafundisha kugawanya. Hatukuwa na zana, nikawaambia watoto wakaokote vizibo vya soda kwenye duka la jirani. Akaja mkaguzi na pikipiki. Akasimama mlangoni, akaomba andalio la somo, akaomba azimio la kazi. Akagundua kwenye andalio sijajaza sehemu ya tathmini. Akachora mstari mwekundu, akaandika maneno mawili, akatia saini, akaondoka. Hazikufika dakika kumi. Wakati anachora mstari, dawati la tatu, mtoto mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amefungua mdomo alikuwa anamgawia mwenzake vizibo: "Hiki chako, hiki changu, hiki chako, kimebaki kimoja, hiki ndicho baki." Alikuwa anafundisha! Mkaguzi alikuwa amempa mgongo.

Mnacheka. Cheka, lakini subiri. Miaka kumi na moja baadaye nikapewa mimi ile kazi, na kalamu nyekundu nikapewa, na wiki ya kwanza tu nikachora mistari kama yake. Mpaka leo sijui nilimpa mgongo mtoto gani.

Turudi Chicago. Bibi Young alipanda: mwalimu, mwalimu mkuu, na mwaka 1887 akawa naibu msimamizi mwenye shule zake za kuangalia. Miaka kumi na miwili. Mwaka 1899 akajiuzulu. Amekosa nini? Hajakosa kitu. Msimamizi mkuu wa wakati ule alikuwa anavuta kila uamuzi ofisini kwake, yeye akaona anageuzwa tarishi wa kupeleka amri. Akaacha cheo.

Akaenda Chuo Kikuu cha Chicago, kwa John Dewey, yule mnayemkariri kwenye mitihani ya falsafa ya elimu. Akapata shahada ya uzamivu mwaka 1900, na miaka 55 mgongoni. Na Dewey mwenyewe alikiri mara nyingi kwamba mawazo yake juu ya shule yalipata sura kwa mama huyu, kwa sababu yeye Dewey alikuwa na nadharia na mama alikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya chaki. Nendeni mkaangalie vitini vyenu, mama ametajwa mara ngapi.

Tasnifu yake ilihusu utengano shuleni. Anasema, kwa ufupi, kwamba shule zilikuwa zimejengwa kama kiwanda: juu wanafikiri, chini wanatekeleza. Na usimamizi unavyozidi kubana, mwalimu anazidi kuondolewa wajibu wa kufikiri, mpaka anabaki kifaa. Halafu kifaa hicho ndicho tunachokitaka kimfundishe mtoto kufikiri! Dawa yake ilikuwa mabaraza ya walimu: kila shule iwe na baraza, walimu wajadili mambo ya kufundisha kwa uhuru, wachague wajumbe wa kupeleka sauti yao juu.

Naona yule kaka anatikisa kichwa. Utasema Marekani walikuwa na pesa. Pesa gani? Madarasa ya Chicago ya wakati huo yalikuwa na watoto hamsini, sitini kwa mwalimu mmoja. Kuna wakati bodi ililia haina fedha ya kuwaongeza walimu mshahara. Walimu wanawake wa madarasa ya chini, wenye chama chao tangu 1897, wakiongozwa na Margaret Haley na Catharine Goggin, wakaingia kwenye vitabu vya kodi wakakuta makampuni makubwa ya huduma za jiji hayalipi kodi inayostahili. Wakaenda mahakamani. Wakashinda! Na bodi ilipopata ile fedha ikaanza kuipeleka kwingine, wakairudisha mahakamani bodi yenyewe. Ninyi mnaogopa kuuliza posho ya likizo. Lakini hiyo ni mada nyingine, mwenyekiti ananitazama.

Au utasema mabaraza ni maneno, walimu wakikusanyana watalalamika tu. Ndiyo, watalalamika. Mtu aliyenyamazishwa miaka ishirini, siku ya kwanza ya kufunguliwa mdomo ulitaka aimbe?

Aliyemtangulia kwenye kiti, Edwin Cooley, aliacha mfumo ambao walimu waliuchukia kuliko njaa: alama za siri. Mwalimu mkuu anakupa alama ya utendaji, alama inakwenda juu, inaamua mshahara wako, na wewe huioni. Wazee wenzangu, mnakumbuka ile fomu yetu ya siri? Ilijazwa, ikafungwa, ikaenda, na wewe unabaki kusoma uso wa bosi. Mpaka ulipokuja ule mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, MWAMTUKA, mwaka 2004, ambao nao tukaujua kuujaza kwa kunakili wa mwaka jana. Haya. Bibi Young alipoingia, alama za siri zikaondoka. Walimu ambao chama chao kilikuwa kinapigana na ofisi kwa miaka wakaanza kuingia ofisini bila kubisha hodi kwa woga.

Naambiwa zimebaki dakika saba. Basi yaliyobaki nayapitia mbio.

Mwaka 1910 akachaguliwa rais wa chama cha kitaifa cha elimu cha Marekani, mwanamke wa kwanza tangu kianzishwe 1857. Kamati ya uteuzi ilikuwa imeshamweka mwanaume. Wanawake wakasimama ukumbini wakamweka wao. Kisa chake kinataka jioni nzima, niiteni tena.

Akaongeza kozi za ufundi sekondari, zikiwemo za miaka miwili kwa watoto ambao nyumbani wasingewasubiri miaka minne. Mishahara ya walimu ikapanda. Mwaka 1913 akaleta mihadhara ya elimu ya uzazi na afya ya mwili kwa wanafunzi wa sekondari. Nadhani sina haja ya kuwaeleza nini kilifuata. Mmeshawahi kukaa na wazazi kwenye kikao cha mada hiyo. Makelele, viongozi wa dini, bodi ikaifunga.

Mwaka huo huo bodi ikaanza kumchosha. Wajumbe wakawa wanaingia kwenye vitabu vya kiada, wanaingia kwenye uteuzi. Kiangazi akajiuzulu, akabembelezwa akarudi. Desemba, bodi ikapiga kura ya siri, hakufikisha kura za kutosha, akajitoa, akachaguliwa msaidizi wake John Shoop. Wakadhani yameisha. Kumbe wanawake wa Illinois walikuwa wamepata haki ya kupiga kura kwa baadhi ya nafasi Juni ile ile, na meya Carter Harrison alikuwa anajua kuhesabu. Wanawake wakajaa ukumbini kupinga, meya akawaondoa wajumbe waliompinga mama, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Mnaotaka kujua siasa na elimu vinakutana wapi, vilikutana pale.

Mapungufu anayo, nisije nikaonekana mwimba taarabu aliyelipwa. Watu waliofanya kazi chini yake walimjua kwa ukali, mama yake hakukosea kabisa. Na mabaraza yake yalisimama juu ya nia ya aliyekaa ofisini. Hayakuwa na meno ya sheria. Akaondoka mwishoni mwa 1915, mwaka ambao bodi ilikuwa imeshapitisha amri ya kuwakataza walimu kuwa wanachama wa chama chao. Mwaka 1924 akaja msimamizi mwingine, William McAndrew, akayafuta mabaraza. Hilo linaniuma, na sina jibu zuri kwa anayeniuliza kwa nini nasifia kitu kilichofutika kirahisi hivyo. Jibu langu la hovyo ni kwamba walimu waliokaa kwenye yale mabaraza hawakuweza kusahau walivyokaa.

Alifariki Oktoba 1918, Washington, ana miaka 73. Alikuwa amestaafu, angeweza kukaa kibarazani. Alikuwa anazunguka kuhamasisha watu wanunue hati za mkopo wa vita, likamkuta lile homa la mafua la mwaka ule, likaingia mapafuni.

Mwenyekiti, nimemaliza, usisimame. Maswali. Wewe mama wa nyuma kabisa, mwenye kitenge cha kijani, mkono wako uko juu tangu nilipotaja fomu ya siri. Sema, na sema kwa sauti, afisa elimu yupo hapa mbele anasikia.